Kidari cha Buchani

Ulikuwa ule mwaka ambao sisi watu wa mlimani tulikula ndizi za kununua. Migomba ilikuwa imeshikwa na mnyauko. Unakata shina, linatoa usaha wa njano kama kidonda, na mkungu unaiva juu ya mgomba kabla haujakomaa. Zikaja ndizi za lori. Zilishushwa barabarani zimechubuka, zimechoka na safari, na sisi tuliozaliwa chini ya migomba tukapanga foleni tumejitanda khanga mpaka puani kama watu waliokwenda kukopa. Ukizipika hazishiki mchuzi. Asiyekula ndizi za lori alikula makande, kesho makande, keshokutwa loshoro, ambayo nayo ni makande yaliyopondwa yakatiwa maziwa ya mgando, kwa hiyo usidhani alikuwa amebadilisha chakula.

Mwaka huo ndio nilimzika mwanangu wa kwanza, na waombolezaji wakala ndizi za lori kwenye msiba wangu. Nakumbuka aibu hiyo kabla sijakumbuka machozi. Msinishangae. Mimi ni mwanamke ambaye mtori wake ulisifiwa mpaka Kikwe, na siku ya mwanangu nikawapa watu mtori uliokuwa maji huku na ndizi kule, kama mume na mke waliogombana.

Mwanangu alikuwa mtu wa ofisi mjini. Alijenga Njiro, nyumba ya ukuta na geti, akafuga mbwa aliyekula wali. Kiharusi kilimkuta amekaa mezani kwake, hakurudi nyumbani. Hakuandika wosia. Mtu mwenye afya nani anaandika wosia? Aliacha mke, binti wa watu wa Singida, mwalimu wa shule ya msingi, na mabinti wawili. Mkubwa alikuwa sekondari, mdogo bado anang'oka meno. Nyumba ile ndiyo waliyokuwa nayo. Hawakuwa na nyingine duniani.

Mdogo wake marehemu ninaye hapa hapa mlimani. Wakati kahawa ilikuwa kahawa, ilisomesha mtoto mmoja. Zamu ya huyu ilipofika, kahawa ilikuwa imekufa na baba yao anaelekea huko huko. Huyu akashika jembe. Ndiye aliyefungua mfereji ukiziba, ndiye aliyenibeba mgongoni nilipovunjika nyonga, na siku mwenzake alipokuja na gari ndiye aliyeambiwa asogeze ng'ombe ili gari lipite. Haya nayasema kwanza, kwa sababu nitakayoyasema mbele hayatamfurahisha, na sitaki mtu amwone ni fisi. Ni mwanangu.

Matanga yalipokwisha ukoo ukakaa kikao uani kwangu. Aliyeongoza ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Ni mtu mrefu, mkimya, mzee wa kanisa, hajawahi kumdhulumu mtu hata sindano. Akasimama na fimbo yake, akakohoa, akasema, "Marehemu ameacha mali. Kwa bahati mbaya hakuacha mtoto."

Wakati huo mjukuu wangu mkubwa alikuwa anapita na chupa ya chai. Akapiga goti kwa adabu mbele ya babu yake. "Shikamoo babu. Huyu mtoto ambaye hakuachwa anauliza, unatumia sukari?"

Wanaume wawili watatu wakacheka, wakameza kicheko. Shemeji akasema kwa upole kabisa, "Marahaba, mama. Weka kidogo." Hakuona kosa. Kwake yeye mtoto ni wa kiume, wa kike ni mgeni anayekua. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na mimi pia, na nisidanganye kwamba siku ile moyo wangu ulisimama upande wa yule mtoto. Moyo wangu ulisema, mbona msichana huyu ana mdomo hivi mbele za watu.

Kikao kikaamua mdogo wake marehemu asimamie mirathi. Nyumba ya Njiro irudi kwenye ukoo. Mjane, kama anataka, arudi kwao. Kama hataki, atapangishiwa chumba Lemara mpaka yule mdogo amalize shule. Chumba kimoja. Mkamwana wangu alikaa jikoni akiwa ameinama juu ya sufuria. Hakusema neno. Nikadhani amekubali, kwa sababu kwetu mwanamke akinyamaza tunasema amekubali.

Kumbe alikuwa anatafuta njia. Mwanangu wa mlimani alipopeleka maombi mahakama ya mwanzo kule mjini, mkamwana akaenda akapinga. Alisema mumewe hakuishi kimila, kwa hiyo mali yake isigawanywe kimila.

Mwanangu akanijia amevimba. "Mama, umesikia? Anasema kaka hakuwa mtu wa mila! Mtu aliyechinja hapa kila Krismasi!"

"Nimesikia."

"Hakimu anataka watu wanaomjua kaka waende waseme alivyoishi. Baba mkubwa ataenda. Na wewe."

"Mimi niseme nini?"

"Hakuna cha kupanga. Sema tu ukweli, mama. Wewe si ndiye uliyekuwa unabeba kidari?"

Nilikuwa nachambua maharage. Nikachambua mpaka nikaanza kutupa mazima.

Sasa nieleze kidari. Kwetu mbuzi hachinjwi tu akaliwa kama kuku. Anagawanywa, na kila fungu lina mwenyewe. Kuna fungu la mjomba, kuna la wanawake wa nyumba, kuna la aliyeshika miguu. Kidari, ile nyama ya kifuani, ni cha mkubwa wa ukoo. Mwanamke hakigusi mdomoni. Mama wa mchinjaji ndiye anayekifunga kwenye jani la mgomba na kukipeleka, na mkubwa akikipokea maana yake mchinjaji bado yumo ndani ya ukoo na anaitambua mila. Kisipofika, watu hawasemi kitu. Wanakuangalia tu, na macho hayo yanatosha kukuvunja nyonga ya pili.

Mwanangu wa Njiro alikuwa anachinja kila Krismasi, hilo kweli. Lakini Krismasi moja, kabla mdogo wa wale mabinti hajaanza shule, yule mkubwa alimwuliza baba yake pale pale motoni, "Baba, kwa nini sisi hatuli kile kinachonukia kuliko vyote?" Mwanangu akamtazama. Alikuwa ameshika kisu, mafuta yanachuruzika mpaka kiwiko. Akakata kidari katikati, nusu akampa mkubwa, nusu akampa mdogo. Mdogo akakaa chini akakishika kwa mikono miwili kama anapiga filimbi.

Mimi nikamkamata baba yao mkono. Nikamvuta pembeni. "Umefanya nini? Baba yako mkubwa atakula nini?"

"Atakula paja, mama. Paja ni tamu pia."

"Usinichezee. Unataka ukoo useme nilizaa jiwe?"

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Mama, hawa ndio ukoo wangu. Nikifa leo kisu hiki ni chao." Akaenda kunawa.

Ningefanya nini? Nilikuwa na khanga nzuri, nilikuwa nimekaa kiti cha mbele kanisani asubuhi hiyo, nilikuwa mama wa mtu wa Njiro. Nikamwambia kijana wa bodaboda anipeleke barabarani, buchani. Nikanunua kidari cha mbuzi nisiyemjua. Kilikuwa kimekatwa kwa shoka, mifupa imepasuka vipande vipande, na mtoto yeyote wa mlimani angejua hakikukatwa kwa kisu cha nyumbani. Kwa hiyo nikakichoma nyuma ya zizi mpaka kikawa cheusi, alama za shoka zikapotea, nikakifunga kwenye jani, nikakipeleka. Shemeji akakipokea kwa mikono miwili. "Kijana wako amekaa mjini lakini hajapotea," akaniambia. Akatafuna. "Amekiunguza kidogo."

"Moto wa Krismasi, shemeji. Watu wengi, kila mtu anachochea."

Krismasi iliyofuata mwanangu akawapa tena mabinti. Nami nikaenda tena buchani. Na iliyofuata. Ikawa ndiyo mila yangu mimi: yeye anavunja mbele, mimi naziba nyuma. Hakujua hata siku moja. Mdogo wake hakujua, maana saa hiyo yeye huwa amekwenda kupeleka mafungu ya watu wengine. Shemeji akawa anamsifu kila mahali, na mimi nikawa nasimama pale nazipokea zile sifa kama mtu anayepokea mtoto asiye wake.

Siku ya mahakama nilivaa gauni la ekaristi. Hakimu alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa mama yake, sauti ndogo, miwani. Alinipa shikamoo kabla hajakaa kwenye kiti chake, na nikampenda kwa hilo. Halafu akaanza kusema na nikaacha kumpenda, kwa sababu alikuwa anaelekea kule kule nisikotaka.

"Hapa leo hatugawi kitu," alisema. "Kwanza nataka kujua nishike sheria ipi. Ziko mbili na hazisemi jambo moja. Sheria ya mila inaupa ukoo sauti, mjane haimpi fungu, na mabinti inawaweka nyuma. Ile nyingine, ambayo huwashika Wakristo, inaanza na mjane na watoto, haiulizi wa kiume au wa kike. Nyumba ni moja. Siwezi kuigawa kwa sheria mbili."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Tumia ya mlimani, mheshimiwa! Mtu wa mlimani!"

"Nyumba iko Njiro," hakimu akajibu.

"Lakini tofali alilijenga mtu wa mlimani!"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. "Ndiyo sababu tuko hapa. Mwafrika akifa bila wosia, naanza na mila yake. Siiachi mpaka nionyeshwe kwamba yeye mwenyewe aliiacha, kwa maisha aliyoishi au kwa nia aliyoionyesha. Kubatizwa peke yake hakutoshi. Wengi wamebatizwa na bado wanaishi kimila."

Hapo nilitazama viatu vyangu. Kama angetaka mfano, nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Mimi nashika Biblia mkono huu, na mkono huu jani la sale, lile tunalobeba kuombea radhi, na sijawahi kuona mikono yangu ikipigana.

"Na nikiona marehemu aliiacha mila," akaendelea, "basi mahakama yangu haina uwezo juu ya mirathi hii. Mtaipeleka mahakama ya juu."

Mkamwana alisema kwanza. Alileta picha za arusi ya kanisani. Alisema walikula meza moja, yeye na mume na watoto, na hakuna chakula cha baba wala chakula cha wanawake. Mwanangu akamwuliza maswali, maana pale kila mmoja anaruhusiwa kumwuliza mwenzake.

"Shemeji, mahari ililipwa au haikulipwa?"

"Ililipwa."

"Kaka amezikwa Njiro?"

"Hapana. Mlimani."

"Nani alichimba kaburi, manispaa?"

"Ukoo."

"Krismasi mlikuwa wapi?"

"Mlimani."

"Mnafanya nini?"

Mkamwana akazikusanya picha zake. "Tunachinja," akasema. Alisema kama mtu anayevua kiatu kimoja baada ya kingine, na kila alichovua kilikwenda upande wa mwanangu. Juu ya kidari hakujua kitu. Siku za kuchinja yeye huwa jikoni kwenye pilau na moshi, na kwao Singida kidari ni nyama tu.

Wajukuu zangu walikuwa wamekaa benchi la nyuma na sare za shule. Mdogo alikuwa anakunja na kukunjua soksi.

Halafu shemeji. Alisimama wima, akaapa, akaeleza mambo ya kugawa nyama vizuri hata hakimu akaacha kuandika akawa anasikiliza. "Marehemu alikuwa mtu wa mila kuliko hawa wanaokaa mlimani kila siku," alisema. "Kila Krismasi kidari changu kilifika. Hakijawahi kukosa."

"Nani alikileta, mzee?"

"Mama yake, ndiyo desturi."

"Una hakika ni cha mbuzi aliyechinja marehemu?"

"Mheshimiwa, sasa ningekula kidari cha nani?"

Chumba kizima kikacheka, na yeye mwenyewe akatabasamu. Mzee yule hakusema uongo hata tone. Alikuwa ameapa kwa Biblia na akasema ukweli anaoujua, na ukweli wenyewe ulikuwa umechomwa nyuma ya zizi langu. Nilielewa, bila kusoma kitabu chochote, kwamba nyumba ya Njiro imekaa juu ya kile kidari. Nikinyamaza, wale watoto wanakwenda Lemara. Nikisema, mimi ndiye nitakayevuliwa nguo, na yeye pamoja nami.

Wakaniita. Nikaapa. Mwanangu akaniuliza kwa furaha, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake mwenyewe. "Mama, ieleze mahakama. Kaka alikuwa anampa baba mkubwa kidari au hakuwa anampa?"

Nilisema, "Zamani alimpa. Halafu akaacha."

"Mama?"

"Aliacha. Aliwapa wale." Nikanyoosha mkono kwenye benchi la nyuma, na watu wote wakageuka, na mdogo akaficha soksi.

Hakimu akainua kichwa. "Bibi, mzee ameapa kwamba kilimfikia kila mwaka."

"Kilimfikia."

"Sasa kilitoka wapi?"

Niliangalia ukutani. Palikuwa na mjusi. Nikamwambia yule mjusi, "Buchani."

Mtu mmoja akasema, "Mzee kalishwa bucha!" na chumba kikalipuka. Hakimu akagonga meza. Nikamsikia shemeji, hakupaza sauti, aliniuliza kama tuko uani kwangu, "Shemeji, umenilisha nini miaka yote hii?"

"Mbuzi, shemeji. Mbuzi alikuwa mbuzi."

Wakacheka tena. Mimi sikuwa nafanya mzaha. Nilikuwa nataka ajue kwamba sikumlisha kibaya.

Hakimu akaninyamazishia watu, akaniuliza marehemu alisema nini alipowapa mabinti zake ile nyama. Nikayasema yale maneno. Akanitaka niyarudie polepole ili ayaandike, na nikayarudia: hawa ndio ukoo wangu, nikifa leo kisu hiki ni chao. Sijui kama umewahi kumsikia mtoto wako aliyekufa akitoka kinywani mwako mbele ya watu waliotoka kukucheka. Sitaki kulieleza.

Mwanangu alikuwa bado amesimama. Uso ulikuwa umemkauka. "Mama, kama kaka aliona ni sawa, kwa nini ulificha?"

"Yeye hakuona aibu," nikamwambia. "Aliyeona aibu ni mimi."

Uamuzi ulisomwa siku nyingine. Hakimu alisema mahari ni jambo la wazazi, na kaburi ni jambo la waliobaki; vyote viwili vinaonyesha ametoka wapi, haviamui aliishi vipi. Akasema alichotafuta ni kile ambacho marehemu alikifanya kwa mkono wake mwenyewe bila kusukumwa, mwaka hadi mwaka. Akataja meza moja. Akataja kisu. Kisha akasema, nami nimelishika neno hilo mpaka leo, kwamba kidari alichokula mzee kilitoka kwa mama, hakikutoka kwa marehemu, na mahakama haiwezi kumvisha marehemu mila ya mama yake. Kwa hiyo mila ikakaa pembeni. Hakusema ni mbaya. Alisema hapa siyo mahali pake. Mkamwana akaambiwa afungue mirathi mahakama ya juu, na mpaka hapo mtu asiwaguse pale Njiro.

Mjukuu mkubwa alinikumbatia kwenye ngazi mpaka kilemba kikaanguka. Ni mrefu kuliko mimi, anasema Kiingereza, ana paji la uso la babu yake. Nilijivuna naye mbele za watu wote waliokuwa wananicheka. Lakini niliporudi mlimani, sikujivuna.

Jumapili wanawake wa kwaya walinipisha kwenye benchi zaidi ya ilivyohitajika. Mmoja akaniuliza, "Dada, hivi kidari kinauzwaje siku hizi?" Sokoni nikaitwa Mama Bucha. Mwenye bucha mwenyewe, ambaye hana hatia, akanipungia mkono kutoka barabarani, "Bibi, Krismasi inakaribia, nikutengee?" Nikatamani ardhi inimeze na khanga yangu.

Hayo ya kwangu niliyabeba. Yasiyobebeka ni ya shemeji. Mtu mzima yule, mkubwa wa ukoo, hapewi tena nyama kwenye karamu bila kijana fulani kunong'ona, "Mzee, kagua shoka." Harusi moja aliweka sahani chini akaondoka kabla ya keki. Hakudhulumu mtu. Alichofanya ni kula alicholetewa na kusema ahsante. Na mimi niliyemlisha nilikuwa nikimwona njiani, napita shambani kwa watu nisikutane naye.

Halafu wakaja wote wawili, yeye na mwanangu, mchana, wakati nimeanika nguo. Mwanangu alikataa kukaa.

"Tumekata rufaa, mama."

"Nimesikia."

"Mwanasheria anasema shauri lote limesimama juu ya maneno yako. Ukiapa kwamba siku ile ulichanganyikiwa, basi. Umri umekwenda. Hakuna atakayekulaumu. Unasema tu ulisahau, ulichanganya mwaka huu na mwaka ule."

"Na watoto wa kaka yako?"

"Nitawatunza mimi! Lini nimeshindwa kumtunza mtu kwenye familia hii? Si mimi niliyekubeba?"

"Ni wewe."

"Kaka alisomeshwa, akajengewa heshima. Mimi nimepata nini mama? Mfereji? Niambie kitu kimoja nilichopewa."

Kila alilolisema lilikuwa kweli, na lilinichoma. Nilitaka kumpa kitu, nikaangalia uani nisikione. Nikamjibu, "Sikusahau, wala sitasema nilisahau."

Akapiga teke ndoo, maji yakanilowesha miguu. Akaenda kusimama kwenye zizi, ametupa mgongo.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda wakati wote. Akaniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu siku tulipomzika ndugu yake.

"Shemeji, mimi sitaki nyumba ya Njiro. Ningefanya nini nayo, nilale na mbwa anayekula wali? Waachie watoto, waachie yote. Mimi nataka kitu kidogo. Nataka kufa watu hawanicheki."

Nikapiga magoti pale kwenye matope ya ndoo. Mimi sipigi magoti hovyo. Nikamwambia nitamletea sale. Nitaleta mbuzi mzima kwa miguu yake, achinjwe mbele ya macho yake, kisu cha nyumbani, na ukoo wote uje uone, na niseme mbele yao kwamba kosa lilikuwa langu, yeye hakuwa nalo. Kanisani pia nitasema, wakinipa nafasi.

"Hayo yote nitayapokea," alisema. "Lakini watu hawatayakumbuka. Watakumbuka bucha. Ukisema ulisahau, basi hapakuwa na bucha. Ni neno moja tu. Mtu mzima kusahau si aibu, shemeji."

Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu aliye hai, na kama ingekuwa ni mimi na yeye peke yetu duniani, ningelisema hilo neno hapo hapo kwenye matope na kuliapia mara saba. Nilikaa na magoti yangu yaliyolowa. Alikuwa ananisubiri. Mwanangu naye aligeuka kule kwenye zizi, anasubiri.

"Sikusahau, wala sitasema nilisahau."